Uyoga na Nondo: Insha Tuliyoikosea

Ndugu walimu wenzetu, tumezoea kuandikiana katika kurasa hizi juu ya makosa ya wanafunzi wetu: jinsi wanavyochanganya ngeli, wanavyosahau viambishi, wanavyofasiri neno kwa neno kutoka katika lugha walizolelewa nazo. Ni jambo jema, maana kosa lisilotajwa halisahihishwi. Leo, hata hivyo, twaomba ruhusa ya kusimulia kosa la upande wa pili wa meza. Tulilifanya sisi wenyewe, kwa kalamu yetu nyekundu, mjini Juba, na gharama yake aliilipa mtu mwingine. Tumelinyamazia kwa muda. Lakini mficha maradhi kilio humuumbua, nasi twaona heri tuliweke wazi, mwenzetu mwingine asije akajikwaa papo hapo.

Sisi ni wenyeji wa Tabora. Tulisomea ualimu kwa ngazi ya stashahada, tukafundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka kadhaa, kisha tukapata nafasi ya kuwafundisha watu wazima huko Sudan Kusini. Msomaji asiyeujua mji wa Juba na aelewe kwamba umekaa kando ya Mto Naili Mweupe, na kwamba kilima cha Jebel Kujur huonekana kutoka karibu kila mtaa. Lugha ya sokoni ni Kiarabu cha Juba. Lugha rasmi ya nchi, tangu uhuru wa mwaka 2011, ni Kiingereza. Na nyumbani kila mtu ana lugha yake: Kibari, Kidinka, Kinuer, Kizande, Kimoru, Kiacholi na nyingine nyingi. Kiswahili kimeingia hapo na madereva wa malori yapitayo Nimule, na wafanyabiashara, na zaidi sana watu waliorejea kutoka uhamishoni Kenya na Uganda. Nchi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, haja ya lugha hii ilizidi. Mwaka 2022 wakuu wa nchi za Jumuiya walipokubali Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Jumuiya pamoja na Kiingereza na Kifaransa, tuliwaona hata watu wa makamo wakinunua madaftari.

Darasa letu lilikuwa la jioni. Walikuwamo askari polisi, muuguzi, vijana wawili wa kazi za ujenzi, dereva, na akina mama kadhaa wafanyao biashara katika soko la Konyo Konyo. Hakuna aliyekuja kwa kupoteza wakati. Kila mmoja alikuwa na jambo alilolitafuta, na mwisho wa muhula aliyepata alama 50 kati ya 100 alipewa cheti cha darasa. Cheti hicho kilikuwa karatasi tu, lakini kwa mtu atafutaye kazi karatasi si kitu kidogo.

Jioni moja ya mwezi wa Aprili, mvua za kwanza zilikuwa zimekwisha kunyesha, na taa yetu ilikuwa imewashwa karibu na ubao. Ghafla akaingia mdudu mkubwa, akaizunguka taa mara tatu nne, akajigonga ukutani, akaangukia juu ya meza yetu. Mabawa yake yalikuwa ya rangi ya hudhurungi iliyoelekea wekundu, yenye mstari mweupe, na kila bawa la nyuma lilikuwa na doa la rangi ya chungwa mfano wa jicho. Alikuwa mpana kuliko kiganja cha mkono.

"Ustaz," akauliza yule askari, maana ndivyo walivyotuita, "huyu anaitwaje kwa Kiswahili?"

"Huyu ni nondo," tukajibu.

Kijana mmoja wa ujenzi akainua mkono. "Samahani, ustaz. Nondo ni chuma. Mimi ninafunga nondo kila siku kule Gudele."

Darasa zima likacheka, nasi tukacheka pamoja nao, kwa sababu kijana yule hakukosea. Kiswahili kina maneno mawili yenye umbo hilo moja. Nondo mdudu huingia katika ngeli ya A-WA, kama viumbe wote wenye uhai wa kwenda na kurudi: nondo huyu anaruka, nondo hawa wanaruka. Nondo chuma huingia katika ngeli ya I-ZI: nondo hii imepinda, nondo hizi zimepinda. Tukaandika ubaoni mifano hiyo, na kila mtu akaona faida ya ngeli: neno ni lile lile, lakini kiambishi chatuambia kama twazungumza juu ya kiumbe au juu ya kitu.

Hapo mama mmoja, mwenyeji wa Yambio katika nchi ya Wazande, akafunua kikapu chake. Ndani yake mlikuwa na uyoga mdogo mdogo mweupe, kila mmoja upana wa ukucha wa kidole gumba au kupita kidogo, aliouokota asubuhi ile kando ya kichuguu kwa ajili ya chakula cha usiku. "Na hawa, ustaz?" akauliza. Tukamjibu kwamba si "hawa" bali "huu": uyoga huu umeota, uyoga huu unanukia. Akarudia kwa sauti ya chini, "Uyoga huu." Kisha akautazama uyoga, akamtazama na nondo aliyekuwa akipigapiga mabawa juu ya meza, akanyamaza.

Ndipo tulipopata wazo ambalo wakati ule tuliliona la werevu. Tulikuwa tumefika katika somo la insha ya kulinganisha na kutofautisha, na tulihitaji vitu viwili vitakavyowalazimisha wanafunzi kutumia viunganishi kama vile bali, ilhali, kwa upande mwingine, na kinyume chake. Tukaandika ubaoni: Linganisha na utofautishe uyoga na nondo. Insha ile tuliitengea alama 20 katika zile 100 za muhula.

Kwa uaminifu wote twakiri kwamba jibu tulilolitarajia tulikuwa nalo kichwani kabla hata ya kuweka chaki chini. Uyoga ni mmea, nondo ni mnyama. Uyoga hukaa mahali pamoja, nondo huruka. Uyoga huliwa, nondo haliwi. Kwa kifupi, tulitaka wanafunzi wathibitishe kwamba viumbe hawa wawili hawana uhusiano wo wote, ili tofauti zao ziwape nafasi ya kutumia ilhali kumi na mbili. Wengi walifanya hivyo hivyo. Kijana wa ujenzi, kwa ukaidi wa mzaha, aliandika kwamba uyoga hubomoka ukiguswa ilhali nondo hushikilia ghorofa. Tukampa alama zake zote za viunganishi, na neno la onyo.

Mama wa Yambio alileta kurasa mbili. Sentensi yake ya kwanza ilisema: "Uyoga na nondo ni ndugu." Kisha akatoa sababu tatu, na twaziandika hapa kama tunavyozikumbuka, kwa kuwa daftari lake tulikaa nalo muda mrefu.

Sababu ya kwanza ilikuwa kwamba wote wawili hulala chini ya udongo wakati wa kiangazi, na mvua ikigonga ardhi hutoka. Sababu ya pili: tunayemwona sisi si yeye mwenyewe. Uyoga wenyewe umo ndani ya ardhi, na huyu wa juu amekuja tu kuacha mbegu. Nondo naye zamani alikuwa kiwavi, na huyu wa mabawa amekuja tu kuacha mayai. Wote wawili hukaa siku chache, wakaisha. Sababu ya tatu ilikuwa ya jikoni. Mchicha ukichemka sana, aliandika, unageuka uji; lakini uyoga ukichemka tangu adhuhuri hadi jioni hauwi uji, bado una kitu cha kutafuna, na viwavi ni hivyo hivyo. "Kwa hiyo mwili wao ni wa namna moja," akamaliza.

Tuliisoma insha ile tukiwa tumechoka, nayo ilikuwa ya mwisho katika rundo. Sentensi ya kwanza tukaikata kwa mstari na kuandika pembeni: Si kweli. Penye sababu ya tatu tukaandika: Mambo ya jikoni si ushahidi. Viunganishi vyake vilikuwa vichache, na ngeli zake, hasa za uyoga, zilikuwa zikiteleza kutoka U kwenda A-WA na kurudi. Tukampa alama 8 kati ya 20. Jumla yake ya muhula ikawa 46.

Siku ya kurudisha madaftari alikuja mbele ya meza, akaonyesha ule mstari mwekundu kwa kidole. "Ustaz," akasema kwa heshima, "kwetu tunapika vyote viwili." Tukamwambia kwamba darasani hatupiki, twaandika. Baadhi ya wenzake wakacheka. Alituachia daftari mezani, akaenda kukaa mahali pake, na baada ya juma lile hatukumwona tena. Baadaye muuguzi alituambia kwamba mama yule alikuwa ameahidiwa kazi ya kuangalia watoto katika shule ya chekechea, na kwamba mwenye shule alitaka kuona cheti cha Kiswahili. Tulisikitika kidogo, kama mwalimu asikitikavyo mwanafunzi anapokosa, tukaendelea na kazi.

Miezi ikapita. Mwezi wa Agosti tulikuwa tukikaa katika ua mmoja na mwalimu wa elimu ya viumbe, mtu wa Masaka nchini Uganda. Siku moja tukanunua uyoga sokoni, tukauchemsha pamoja na mboga za majani, tukamkaribisha. Akakataa kwa adabu. Yeye, alisema, ni wa ukoo wa Butiko, na butiko kwa Kiganda maana yake ni uyoga. Muganda hali mwiko wa ukoo wake. Tukala peke yetu, tena kwa kulalamika, kwa kuwa mboga zilikuwa zimekwisha kuvurugika ilhali uyoga ulikuwa bado wagumu mdomoni.

"Hata ukiuchemsha mpaka kesho," akatuambia, "hautavurugika kama mboga. Majani hulainika kwa sababu gundi inayozishikanisha seli zake huyeyuka kwa moto. Kuta za seli za uyoga zimejengwa kwa kitu kingine, kiitwacho kaitini, nacho hakiyeyuki katika maji ya moto. Ni kitu kile kile kilichojenga gamba la mdudu."

Tulikiweka kijiko chini. Tukamwomba arudie maneno yale ya mwisho, naye akayarudia.

Usiku ule alitupa darasa ambalo twapenda kuwagawia wasomaji, kwa kuwa linagusa maneno tunayoyafundisha. Mwaka 1811 mtaalamu Mfaransa, Henri Braconnot, alikitenga kitu hicho kutoka katika uyoga. Mwaka 1823 Mfaransa mwingine, Odier, akakikuta katika magamba ya mabawa ya mbawakavu, akakipa jina litokanalo na neno la Kiyunani lenye maana ya vazi. Hivyo basi kitu kilichojenga vazi la mdudu kilijulikana kwanza katika uyoga. Unga ule unaobaki vidoleni tunapomshika nondo, ambao kwa hakika ni vigamba vidogo vya mabawa yake, nao umejengwa kwa kaitini.

Tena hayo si yote. Vitabu tulivyosoma utotoni vilituambia kwamba uyoga ni mmea, kwa kuwa huota na hautembei. Lakini mmea hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kwa msaada wa umbijani, ile rangi ya kijani ya majani. Uyoga hauna umbijani hata chembe. Mmea huweka akiba yake ya chakula kwa namna ya wanga; uyoga huiweka kwa namna ya glaikojeni, kama yafanyavyo maini yetu sisi wanadamu. Mwaka 1969 Mmarekani Robert Whittaker alipendekeza viumbe vigawanywe katika himaya tano, na kuvu, yaani jamii yote ya uyoga na ukungu, akawapa himaya yao wenyewe, mbali na mimea. Na mwaka 1993 wataalamu waliolinganisha protini na maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya seli walionyesha kwamba kuvu wako karibu na wanyama kuliko walivyo karibu na mimea. Njia za kuvu na wanyama ziliachana yapata miaka bilioni moja iliyopita. Njia ya mimea ilikuwa imekwisha kuachana nao kabla ya hapo. Kwa hiyo nondo na uyoga wana babu mmoja ambaye mti wa mwembe hana sehemu naye. Ukitaka kusema kwa Kiswahili cha ukoo, ni ndugu.

Tulikwenda chumbani, tukatoa kisanduku cha chaki tulichokuwa tumemhifadhi yule nondo wa Aprili, kwa kuwa alikufa juu ya meza yetu usiku ule na uzuri wake ulitufanya tusimtupe. Mwenzetu akamtambua kwa yale madoa ya rangi ya chungwa. Wataalamu humwita Bunaea alcinoe, nondo apatikanaye katika nchi nyingi za Afrika kusini ya Sahara, ambaye mabawa yake yakitandazwa huweza kufikia sentimita 15 hivi. Kiwavi wake ni mweusi mwenye miiba myeupe, hula majani ya miti ya namna nyingi, na katika Kongo na Zambia huliwa na watu. Akishiba hushuka mtini, akajifukia udongoni, akageuka pupa, akangoja. Anapotoka akiwa na mabawa hana kinywa cha kulia: haonji kitu mpaka kufa. Huishi siku chache kwa mafuta aliyoyaweka alipokuwa kiwavi, na kazi yake ni moja tu, kupata mwenzake na kutaga mayai.

Tukamweleza juu ya uyoga mdogo wa kando ya kichuguu. Huo, alisema, kwa maelezo hayo bila shaka ni ule ambao Waganda huuita obubaala, na wataalamu huuita Termitomyces microcarpus. Jenasi hiyo ilipewa jina na Mfaransa Roger Heim mwaka 1942, na jina lenyewe lachanganya mchwa na kuvu, kwa sababu wawili hawa hawaachani. Mchwa huokota majani makavu na vijiti, wakavipeleka chini ya ardhi na kuvitengenezea kitu mfano wa sega. Juu ya sega hilo huota nyuzi nyeupe za kuvu, nazo hulainisha vijiti ambavyo mchwa peke yao wasingeweza kuvimeng'enya vizuri; kisha mchwa hula. Ni kilimo kamili, na wataalamu wamekadiria kwamba kina umri wa miaka milioni 30 au zaidi, ilhali sisi wanadamu tulianza kulima majuzi tu. Mvua zinapoanza, mchwa hutoa vipande vya masega yao na kuvitandaza juu ya ardhi, na hapo ndipo uyoga ule mdogo unapochipuka kwa mamia. Tunachokiokota ni kama embe. Mwembe wenyewe ni zile nyuzi zilizobaki gizani.

Hatutaki msomaji aondoke hapa akidhani kwamba uyoga na nondo ni kitu kimoja. Undugu si ufanani. Kiwavi hutia chakula kinywani na kukimeng'enya tumboni. Kuvu hutoa maji yake ya kumeng'enyea nje ya mwili, kisha hufyonza kilichoyeyuka. Nondo ana macho, misuli na mishipa ya fahamu; uyoga hauna hata kimoja cha hivyo. Nondo dume hunusa harufu ya jike kutoka mbali akaifuata gizani. Uyoga huachia mbegu zake ndogo mno, ziitwazo spora, bila kujua zitaangukia wapi. Nondo hamhitaji mchwa. Uyoga ule bila mchwa haupo. Tofauti hizi ni za kweli, na mwanafunzi aliyeziandika alistahili alama. Lakini alistahili zaidi yule aliyeona kwamba chini ya tofauti kuna ujamaa, tena akaona kwa macho yake mwenyewe, bila kitabu na bila darubini.

Tulilitoa daftari. Sababu ya kwanza: wote hungoja chini ya udongo na kutoka kwa mvua. Kweli. Sababu ya pili: tunayemwona amekuja kuacha kizazi tu. Kweli. Sababu ya tatu: mwili wao ni wa namna moja, na sufuria ndiyo shahidi. Hiyo ndiyo tuliyoikata kwa nguvu zaidi, na hiyo ndiyo iliyofuata njia moja na Braconnot na Odier. Mama yule hakulijua neno kaitini. Sisi pia hatukulijua. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa amekitafuna kitu chenyewe akakifikiria, nasi tulikuwa tumekitafuna tangu utoto kule Tabora, ambako uyoga hupangwa kando ya barabara kila masika, wala hatukuwahi kujiuliza neno.

Kosa letu halikuwa la kutoijua elimu ya viumbe. Mwalimu wa lugha hawezi kujua kila kitu. Kosa letu lilikuwa kuandika "si kweli" juu ya jambo tusilolijua, kwa sababu tu liliandikwa kwa Kiswahili kilichopinda. Tulichukua udhaifu wa ngeli zake tukaufanya udhaifu wa akili yake. Mtu mzima anayejifunza lugha mpya hulazimika kusema mawazo ya mtu mzima kwa maneno ya mtoto, na mwalimu asiyekuwa mwangalifu husikia mtoto tu.

Tulisahihisha upya. Insha ile, baada ya kuondoa alama kwa ngeli na kwa uhaba wa viunganishi, ilistahili 15. Jumla ikawa 53. Tukaandika cheti, tukakipeleka Konyo Konyo wenyewe. Wauza mboga wenzake wakatuambia kwamba alikuwa amerudi Yambio tangu mwezi wa Juni, safari ya kilomita zaidi ya 400 kwa barabara, na kwamba nafasi ya shule ya chekechea ilikwisha kuchukuliwa na mtu mwingine. Tukamwachia cheti ndugu yake wa kike pamoja na barua fupi ya kuomba radhi, ambayo tuliiandika mara nne kabla ya kuridhika nayo. Hatukujua kama vingefika.

Mwezi wa Novemba dereva wa darasa letu alitukabidhi kifurushi cha gazeti kilichofungwa kwa uzi. Ndani yake mlikuwa na uyoga mkavu, na kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa mwandiko tulioutambua: "Ustaz, cheti nimekipata. Uyoga hawa ni wako. Wachemshe sana." Hakuandika neno juu ya kazi, wala juu ya msamaha tuliouomba.

Kwa mazoea mkono wetu ulikwenda kwenye kalamu nyekundu penye lile neno "hawa". Tukaurudisha. Barua si insha.

Walimu wenzetu, hatusemi kwamba kuanzia sasa uyoga uingizwe katika ngeli ya A-WA. Sarufi haiendeshwi na sayansi, na wala si lazima. Kiswahili chasema uyoga huu na kitaendelea kusema hivyo, kama kisemavyo kwamba jua linachwa ingawa twajua ni dunia inayozunguka. Ni wajibu wetu kuzifundisha ngeli, na mwanafunzi anayezikosea asahihishwe. Tunalosema ni kwamba ngeli ni mpangilio wa maneno, nao usituzuie kuona mpangilio wa viumbe.

Tangu mwaka ule tumejiwekea desturi tatu, nasi twazitoa kwa atakayeona zinafaa. Kwanza, tunasahihisha insha mara mbili: mara moja kwa lugha, mara moja kwa mawazo, na kila moja hupata alama zake pembeni mwake. Pili, neno "si kweli" hatuliandiki tena bila kumwuliza mwandishi, "Umelijuaje hili?" Kuuliza si ujinga, na mara nyingi jibu lake huwa ndilo aya bora iliyokosekana katika insha. Tatu, swali lile la uyoga na nondo twalitoa kila mwaka mvua zinapoanza, na siku ya kurudisha madaftari twawasomea wanafunzi, bila kumtaja jina, kurasa mbili za mama wa Yambio, kisha twawaambia alama tuliyompa kwanza na sababu yake.

Huwa wanacheka wanapofika penye sufuria. Baadaye mmoja wao, aghalabu mama, husema kwamba ni kweli, hata kwao uyoga hauvurugiki. Hapo ndipo somo la jioni ile huanza.